Saa yenye jambia: safari ya Dar kuifuata saa ya oda

Jumapili

Treni ya umeme imetutoa Dodoma mchana, na magharibi imetukuta tukiingia Dar. Begi langu lina nguo chache, lenzi ya jichoni, tochi ndogo, kitambaa cha kufutia miwani na kifungulio cha mfuniko wa nyuma wa saa. Kwenye ukaguzi mlinzi alikigeuzageuza hicho kifungulio, akaniuliza kama mimi ni fundi bomba. Nikamjibu kwamba hapana, ila nafungua vitu vidogo zaidi.

Kilichonileta ni picha moja ya WhatsApp. Rafiki yangu wa Ilala, dalali wa nyumba ambaye habari za saa hazimhusu kabisa, alinitumia picha ya Rolex Datejust iliyolazwa juu ya kitambaa cha meza. Mwanga wa taa umepiga kioo na nusu ya uso haionekani. Lakini chini, juu kidogo ya sita, kuna kitu cha rangi ya dhahabu kisichopaswa kuwepo kwenye Datejust ya kawaida. Nikaikuza picha mpaka ikaanza kuvunjikavunjika. Jambia, na nyuma yake panga mbili zimepishana.

Kwa asiye na ugonjwa huu wa kukusanya saa, nieleze kidogo. Sultan Qaboos alishika madaraka Oman Julai 1970, na kwa miaka mingi akawa anaagiza saa za kutoa zawadi kwa maofisa wake, kwa wageni, na kwa askari wa Kiingereza waliompigania kwenye vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Nyingi zilipitia Asprey, duka la vito la London, zikiwa na nembo ya Oman usoni, ndilo hilo jambia na panga zake mbili. Wakusanyaji wa Ulaya na Ghuba wanazigombania mpaka leo.

Sasa kwa nini ziwe Dar? Kwa sababu Qaboos alipoingia aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, na watu wengi wa Unguja, Pemba na bara wakaenda. Wengine waliingia jeshini, wengine ofisi za serikali. Ndiyo maana ukitembea Maskati leo unaweza kununua mkate kwa Kiswahili. Na huku kwetu, nusu ya Upanga ina mjomba Maskati. Mjomba akija likizo haji mikono mitupu.

Jumatatu

Miadi ya Upanga ni Jumatano, kwa hiyo leo nimekwenda Kariakoo kuosha macho. Mtaa wa Kongo umejaa Rolex. Kijana mmoja amenifuata hatua kadhaa: "Bosi, hii orijino kabisa, imetoka Dubai." Mfuniko wake wa nyuma ni wa kioo, mashine inaonekana ikicheza. Rolex zenye mgongo wa kioo zinahesabika, na hiyo haikuwa mojawapo. Nyingine ilikuwa na visahani vitatu vya kuhesabia muda, vyote vya kuchorwa.

Watu wengi hapa hupima saa kwa mshale wa sekunde: ukiteleza bila kuruka, wanasema ndiyo yenyewe. Mshale kuteleza mara nyingi maana yake ni saa ya mashine, si ya betri, basi. Hata Seiko 5 ya mwalimu wako wa shule ya msingi ilikuwa inateleza.

Nimekunywa maji ya madafu pale Msimbazi nikapanda mwendokasi kurudi.

Jumanne

Fundi wangu yuko mjini, maeneo ya Mtaa wa Mosque, kwenye kibanda ambacho mteja akiingia wa pili, wa kwanza inabidi asimame. Kazi aliifundishwa na baba yake, na baba yake aliifundishwa na fundi wa Kihindi aliyekuwa mtaa huohuo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Safari hii umekuja kununua au kunipotezea muda?"

Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwenye simu, akavuta miwani, akairudisha tena. Hakusema kitu. Aliinama chini ya meza akatoa kopo la biskuti, akamimina nyuso za saa juu ya gazeti.

Hapo ndipo siku yangu ilipoishia, na sijutii. Kulikuwa na Favre-Leuba, Roamer, Oris, na West End, ile saa ya Uswisi iliyotengenezewa soko la India na kuletwa huku na wafanyabiashara wa Kihindi. Kulikuwa na visahani vya siku vya Seiko 5, vingine Kiingereza na Kihispania, vingine Kiingereza na Kiarabu. Fundi anasema kisahani kinamwambia saa ilipita njia gani: ya Kiarabu mara nyingi imeletwa na ndugu wa Ghuba, haikununuliwa dukani Dar. Nilikuwa na Seiko za namna hiyo miaka yote na sikuwahi kuzisoma hivyo.

Kisha akachagua nyuso mbili za Rolex, zote za rangi ya fedha, akaziweka kando kando. "Niambie ipi imepakwa upya."

Chini ya lenzi haikuwa kazi. Kwenye moja, herufi za "OYSTER PERPETUAL" zimesimama, kingo zake zimekatwa kama kwa wembe. Kwenye nyingine wino umejaa matumbo, herufi O imekaribia kuziba, na pale chini kabisa, pembeni ya sita, pameandikwa "SWISS" peke yake. Saa ya miaka ya 1960 na 1970 yenye dawa ya tritiamu, ile ya kung'aa gizani, huandikwa T upande huu na T upande ule wa neno Swiss. Aliyepaka upya ama hakujua ama hakuona haja. Uso ulikuwa umeliwa na unyevu, mwenyewe akataka ung'ae, ukapelekwa kwa fundi rangi. Saa ikarudi imependeza, imekufa.

Fundi ana msamiati wake na mimi nimeukubali. Iliyobadilishwa kwa agizo kabla haijafika kwa mwenyewe, anaiita saa ya oda. Iliyobadilishwa baadaye anasema imechezewa. Ya kwanza bei hupanda, ya pili bei huporomoka, hata kama aliyeichezea ana mkono mzuri kuliko wa kiwandani.

"Na hii ya kwako," akasema akiirudisha simu, "siwezi kukwambia ni ya oda au imechezewa mpaka niione tumbo."

Jumatano

Nyumba iko Upanga, ghorofa ya pili, moja ya yale majengo ya zamani yenye balkoni ya nondo na mwarobaini mbele. Bi mkubwa mwenye nyumba amevuka miaka themanini. Alinipokea na binti yake, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya uhasibu, ambaye kabla sijakaa alishauliza natoka wapi, mtoto wa nani, na nilimfahamia wapi yule dalali.

Chai ikaja, na kaimati. Saa haikuja. Nilijua haitakuja haraka na sikuiulizia. Ukitaka kuona mali ya watu Upanga, sikiliza kwanza.

Saa ilikuwa ya marehemu mume wake. Aliletewa na kaka yake aliyekuwa akifanya kazi serikalini Maskati, katikati ya miaka ya 1970. Kaka alipewa kazini, akaona yeye anayo nyingine, akamletea mdogo wake. Mume aliivaa sikukuu na harusini. Mchana wa kawaida hakuivaa, kwa sababu nchi wakati ule ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni, na mtu mwenye saa kama ile alikuwa anajitafutia maswali.

Halafu ukaja 1983.

Hapa bi mkubwa aliweka kikombe chini. Walio wadogo hawajui, lakini mwaka ule serikali, Sokoine akiwa waziri mkuu, iliwasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba, duka kwa duka. Waliokuwa na bidhaa za magendo walikamatwa, na hata wasio na magendo walipata hofu, kwa kuwa nani atakutolea risiti ya zawadi? Watu walitupa mali baharini usiku. Yeye aliifunga saa kwenye kipande cha khanga, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akamwagia mchele juu, akaliweka kopo mvunguni. Mume aliuliza mara moja tu iko wapi. Akamwambia, "Imekwenda."

Mzee Mwinyi akaja, ruksa ikaja, saa haikutoka. Mume alifariki bila kuivaa tena.

Binti akaenda ndani akarudi na kopo. Mchele haumo siku hizi, ila khanga ni ileile.

Nimeshika saa za bei kubwa zaidi ya hii, lakini hii iliniweka kimya. Datejust ya milimita 36, chuma, na ile pete yenye mifereji kuzunguka kioo ni ya dhahabu nyeupe. Kingo za masikio, pale mkanda unapoingia, bado ni kali. Saa nyingi za umri huu zimepigwa polishi mara nyingi hadi masikio yamekuwa duara, maana kila fundi akitaka kumfurahisha mteja anakimbilia brashi. Hii haijaguswa, kwa sababu ilikuwa imejificha kwenye mchele wakati wenzake wanang'arishwa. Kioo ni cha plastiki ngumu, kama zilivyokuwa Datejust za wakati huo, kimekwaruzika. Nembo iko pale, ndogo kuliko nilivyofikiri. T mbili zipo.

Nikaomba ruhusa ya kuja na fundi tuifungue mbele yao. Bi mkubwa akamtazama binti. Binti akasema Ijumaa, baada ya sala, na kaka yake mdogo awepo.

Alhamisi

Leo nilikuwa Masaki kwa jamaa anayenunua saa kwa nguvu zaidi ya mimi na kwa mtazamo mwingine kabisa. Ana Rolex iliyopakwa kaboni nyeusi mwili mzima na Audemars Piguet iliyojazwa almasi Dubai, mpaka vile visahani vyake huvioni. Nilimuuliza saa ngapi, akachungulia simu.

Sitaki kumcheka. Kuna warsha zinazofanya kazi hii kwa heshima. Bamford wa London alipata jina kwa kuzitia weusi Rolex, na mwaka 2017 akaanza kufanya kazi rasmi na kampuni za saa za LVMH, lile kundi la Kifaransa la bidhaa za anasa, kama Zenith na TAG Heuer. Geneva kuna Artisans de Genève, walioburuzwa mahakamani na Rolex. Mahakama ya juu ya Uswisi, mwanzoni mwa 2024, ilisema mwenye saa akiipeleka mwenyewe ibadilishwe kwa matumizi yake, hapo hakuna kosa. Ila kuuza sokoni saa iliyobadilishwa ikiwa bado na nembo ya kiwanda bila ridhaa yao, hapo ni kesi nyingine.

"Kwa hiyo niko halali, kaka," akasema.

Uko halali. Ila ukiipeleka kwa Rolex kwa ajili ya sevisi hawataigusa ikiwa na vifaa visivyo vyao, na siku ukitaka kuiuza, mnunuzi atatoa kwanza gharama ya kuivua hizo almasi. Hilo alilijua, alicheka tu.

Kilichonivutia ni ombi lake jipya: anataka ile pete ya kuzunguka kioo ijazwe tanzanaiti. Wazo limekaa vizuri. Jiwe linalochimbwa Mererani peke yake duniani, kwenye saa ya Mtanzania. Tukaenda wote mjini kwa sonara anayemwamini.

Sonara hakubishana. Alitoa tanzanaiti moja iliyokatwa, yenye ule ubuluu unaogeuka zambarau ukiiinamisha, akaionyesha chini ya taa: kwenye kona moja imemeguka. "Hii mteja aliivaa kwenye pete, akagonga mlango wa gari." Kwenye kipimo cha ugumu almasi ni 10, yakuti ni 9, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida la mjini lina mchanga, na mchanga ni 7, kwa hiyo hata kuifuta saa kwa shati ni kuikwaruza. Tena jiwe lina uelekeo wake wa kupasuka, likigongwa hapo linaachana. Saa ya mkononi hugonga meza, mlango, beseni, kila siku ya Mungu.

Jamaa akauliza: je, kwenye uso, ndani ya kioo? Sonara akafikiri, akasema hapo inawezekana, vijiwe vidogo, mahali pa namba. Tukawaacha wanachora. Kwa mara ya kwanza nikaona saa ya kuchezewa ambayo ningependa kuiona imekamilika.

Ijumaa

Fundi alikuja amevaa kanzu, moja kwa moja kutoka msikitini, zana zake zimefungwa kwenye taulo. Kaka mdogo wa yule binti alikuwepo, kijana wa simu mbili. Tuliweka mkeka mezani, tukafunga feni ili vumbi lisiruke, jasho likaanza.

Kwanza mkanda. Ukiutoa, unaona kilichochongwa ubavuni mwa saa: upande wa kumi na mbili namba ya modeli, 1601, upande wa sita namba ya saa yenyewe. Michoro imesimama, haijaliwa na polishi wala kutu.

Kisha mfuniko. Uligoma kidogo, ukaachia kwa mlio mkavu. Raba ya ndani ilikuwa imekuwa lami. Fundi akaugeuza mfuniko chini ya tochi na kunipa lenzi bila kusema.

Ndani yake kuna mhuri wa kiwanda: I.71. Robo ya kwanza ya 1971, miezi michache baada ya Qaboos kukaa kitini. Na pembeni ya mhuri kuna mikwaruzo miwili mifupi ya sindano, herufi na tarakimu. Mafundi saa hufanya hivyo kila wanaposafisha mashine, wanaandika alama yao na mwezi mahali ambapo mwenye saa haoni. Mikwaruzo miwili tu. Saa iliyovaliwa miaka hamsini ingekuwa na ukuta mzima.

Kijana akaingilia kati. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba Datejust hii hutakiwa mashine namba 1575, yenye tarehe, na hapa daraja, kile kipande cha chuma kinachoshikilia magurudumu ya mashine, limeandikwa 1570, namba ya mashine isiyo na tarehe. Uso ulimbadilika, akamtazama mama yake. Fundi hata hakuinua kichwa. Akasema Rolex walichonga 1570 kwenye madaraja hata ya mashine zenye tarehe, na ingekuwa na 1575 ndipo angeanza kuuliza maswali. Vito 26, vile vijiwe vya kupunguza msuguano, na mapigo 19,800 kwa saa moja. Akalisukuma kidogo gurudumu la mizani kwa pumzi ya pampu ya mpira, likaanza kutembea. Tulisikia sote. Bi mkubwa akasema "Alaa!"

Nembo ndiyo ilichukua muda. Rolex hawatoi nakala ya kumbukumbu za kiwanda kwa mtu wa nje kama Patek Philippe wanavyofanya, kwa hiyo kwa Rolex huna pa kuandikia ukathibitishiwe. Unabaki na macho na historia. Chini ya lenzi kingo za jambia ni safi, wino hauna matumbo, na umezeeka rangi moja na maandishi mengine. Macho yangu yanasema ndiyo. Lakini macho yangu hayauziki popote.

Ndipo binti akakumbuka barua. Zilikuwa kwenye kasha, zimefungwa kwa uzi, za kaka wa Maskati kwa marehemu. Moja ya mwaka 1975, karatasi nyembamba ya ndege, inauliza habari za mvua na bei ya nazi, halafu katikati, bila kishindo: saa niliyokupa ni ya Sultani, usiiuze na usimpe fundi asiyejua.

Nikawaambia wazi kwamba barua hiyo isitoke kwenye nyumba hii bila saa, wala saa bila barua. Zikitenganishwa, kila moja inapoteza.

Fundi aliweka raba mpya, akafunga. Hakugusa brashi. Kijana aliuliza kama angalau kioo kisingesuguliwa, akajibiwa kwamba kioo kitasuguliwa siku atakapokuwa amejulikana mwenye saa.

Jumamosi

Neno hilo la fundi ndilo limetawala leo. Nilimpa binti bei yangu, bei ya kweli, ile niliyoweza, nikamwambia pia kwamba mnada wa Geneva au Dubai ungeweza kuwapa zaidi na kwamba angeuliza kabla ya kunijibu. Jibu limekuja jioni: saa haijarithishwa. Mzee alipofariki iligawanywa nyumba, likagawanywa duka, kopo la mchele halikutajwa na mtu kwa sababu wote walijua saa imekwenda. Sasa iko mezani. Mjane ana thumni yake, yaani moja ya nane, watoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, na mtoto mkubwa yuko Maskati kwa baba yake mkubwa na hajaulizwa.

Saa haikatwi vipande vinane. Ama mmoja ainunue kwa wenzake, ama iuzwe wagawane fedha. Sheikh ameitwa Jumatano ijayo.

Nilipita kwa fundi kumlipa. Nikachukua uso mmoja wa West End kutoka kwenye kopo, uliopigwa ukungu, haujapakwa. Alinipunguzia kidogo kuliko nilivyotarajia.

Jumapili

Treni ya asubuhi. Hatujafika Pugu simu ikalia, namba ya Oman. Ni yule kaka mkubwa. Salamu ndefu, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu, akauliza hali ya mama yake kana kwamba mimi ni jirani. Ameomba picha ya ndani ya mfuniko, nimemtumia zote, mhuri na mikwaruzo. Kimya kikapita mpaka tukakaribia Morogoro. Kisha ujumbe: ndugu zake wakikubali kuuza, yeye hatapinga, lakini fungu lake analitaka kwa riyali.

Nimemjibu kwamba riyali nitazitafuta.